Betri za Ng'ambo ya Feri

Kabla ya daraja la kuunganisha Kigamboni na mji wa Dar es Salaam kufunguliwa, betri ya gari la Kigamboni ilikufa mapema kuliko ya gari la Kinondoni, hata kama zote mbili zilinunuliwa siku moja, duka moja. Betri haikuwa mbovu na dereva hakuwa mjinga. Ilikuwa foleni ya pantoni. Mtu anatoka Tungi au Mjimwema, anaendesha dakika chache, anafika Feri, anazima. Mstari ukisogea, anawasha, anasogea hatua mbili, anazima tena. Hapo katikati redio inalia, feni inavuma, na kama ni usiku taa ndogo zinawaka. Akipanda pantoni lazima azime, na akifika Magogoni, upande wa mjini, awashe. Kila anapowasha, stata inavuta ampea mia na ushee, na injini haipati muda wa kurudisha kilichochukuliwa. Betri ya namna hiyo inaishi nusu shibe mwaka mzima. Betri ya risasi ikikaa nusu shibe, plati zake zinaota salfeti, ukoko mweupe ambao ukishakomaa hautolewi na chaji yoyote.

Mimi nimelelewa na foleni hiyo. Baba yangu alitulisha na kutusomesha kwa betri za watu waliokwama Feri, na leo nina duka la betri Kibada. Nikisikia watu wanasimulia Kigamboni kwa bei za viwanja, hoteli za ufukweni na ule Mpango wa Mji Mpya, naona wameruka sura nzima. Ukitaka kujua tulivyoishi huku ng'ambo, uliza nani alikuwa na betri, aliichajia wapi, na ilipokufa ilikwenda kwa nani.

Baba aliujulia umeme wa magari TIPER, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Tanzania na Waitaliano kilichoanza kazi hapa Kigamboni mwaka 1966. Hakuwa mtu wa mitambo ya mafuta. Alikuwa karakana, kwenye Land Rover na malori. Alipenda kutueleza kwamba kwenye Land Rover za zamani chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya sasa, na kwamba kijana aliyekuja na mazoea ya gari jipya aliunguza nyaya siku yake ya kwanza kazini. Magari yale yalichaji kwa dinamo, na dinamo, injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma polepole gari limesimama, haitoi kitu cha maana. Kwa hiyo hata dereva aliyekuwa na mafuta ya kuchezea, akaacha injini inanguruma kwenye mstari wa pantoni, hakuipa betri yake chochote. Alteneta ndiyo ilikuja kubadili hilo, nayo ilichelewa kufika kwetu.

Kitu kimoja kiliwaokoa watu wa enzi hizo: hendeli. Charles Kettering aliweka stata ya umeme kwenye Cadillac mwaka 1912 ili watu waache kuvunjika mikono kwa kuzungusha chuma, lakini Land Rover iliendelea kuja na tundu la hendeli mbele kwa miaka mingi baadaye. Betri ikikataa, utingo anashuka, anazungusha. Siku hizi betri ikikataa unapiga simu.

Betri yenyewe ni ya zamani kuliko gari. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859: mabamba ya risasi ndani ya tindikali. Hadi leo gari la petroli linalotoka Japan na kompyuta zake zote linawashwa kwa risasi na tindikali ileile. Kilichobadilika sana ni boksi, na boksi hilo ndilo lililoamua kazi ya baba.

Betri alizozikuta baba zilikuwa na boksi la mpira mgumu mweusi. Seli zilionekana kwa juu, kila moja na kifuniko chake, zimeungwa kwa madaraja ya risasi yaliyokaa nje nje, na mapengo yamezibwa kwa lami. Betri kama hiyo inafunguka. Unalainisha lami kwa chuma cha moto, unatoboa daraja, unanyanyua fungu la plati kutoka kwenye seli iliyokufa, unalitazama. Za chanya zina rangi ya kahawia na ndizo zinazomomonyoka kwanza. Za hasi ni za kijivu, hizo hudumu. Katikati yake vipo vitenganishi vyembamba, na kwenye betri kongwe vilikuwa vya mbao. Ukiwa na betri tatu zilizokufa, kila moja kwa seli tofauti, unaweza kutoa moja iliyo hai.

Ufundi huo ulipata soko lake mwishoni mwa miaka ya 1970. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, na betri za Nairobi zikawa magendo kama vile dawa ya meno na sabuni. Vita vya Kagera vikala fedha za kigeni zilizobaki. Dar es Salaam kulikuwa na kiwanda cha Yuasa, lakini baba alisema betri mpya ikionekana mjini ilikuwa na mwenyewe tayari, shirika la umma au mkubwa fulani mwenye kibali. Mtu mwenye Peugeot yake Kigamboni alibaki na wawili wa kuwategemea: Mungu na fundi wa seli. Ilikuwapo pia amri ya magari binafsi kutotembea Jumapili baada ya saa nane mchana, kuokoa mafuta. Kwa mwenye betri dhaifu hiyo ilikuwa adhabu ya pili, kwa sababu gari lililosimama ndilo linaloua betri. Jumatatu asubuhi, alivyosimulia mwenyewe, alikuwa na wateja mlangoni kabla hajanawa uso.

Alifanya kazi hiyo jioni, akitoka kiwandani, nyuma ya nyumba. Aliyeyusha risasi kwenye kikopo juu ya mkaa, akamimina daraja jipya kwenye kalibu la chuma, akaziba na lami ileile aliyoibandua. Juu ya daraja alikwaruza mwezi na mwaka kwa msumari, ili mteja asije akamwambia "wiki iliyopita tu" wakati ni mwaka jana. Betri ya kuungwa namna hiyo ilidumu miezi, si miaka, na hakumwahidi mtu zaidi ya hapo.

Kisha likaja boksi la plastiki. Limeungwa kwa joto kipande kimoja, na seli zinaunganishwa kupitia kwenye kuta za ndani, huzioni. Seli moja ikifa, betri yote ni chakavu. Baba alilichukia boksi lile mpaka anaingia kaburini. Aliliona kama hila ya wenye viwanda. Mafundi wa umri wake wengi wanasema hivyo hivyo hata leo, kwamba zamani vitu vilitengenezeka. Mimi sikubaliani nao, na nitasema kwa nini nikifika kwenye risasi.

Kazi ya kusafisha mafuta TIPER ilisimama mwishoni mwa miaka ya 1990. Pale pakabaki matangi ya kuhifadhi, na watu wa karakana wakarudi nyumbani. Baba hakuhangaika kutafuta ajira, kwa sababu dunia ilikuwa imemletea biashara nyingine kwa betri zilezile. Mwaka 1994 televisheni zilikuwa zimeanza Tanzania Bara, ITV ikiwa miongoni mwa za mwanzo, wakati Zanzibar walikuwa na yao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nguzo za umeme zilikuwa hazijavuka mbali na Feri. Ukitoka Tungi kwenda Gezaulole, Mwasonga, Kimbiji, kote huko giza. Lakini televisheni ndogo ya inchi kumi na nne ilikubali volti kumi na mbili, na volti kumi na mbili ilikuwa inauzwa.

Hapo betri ya gari ikahamia sebuleni. Wengi wa wateja wa baba hawakuwa na gari, hawakutarajia kuwa nalo, na betri yao waliijua kuliko dereva yeyote. Ililetwa kwa baiskeli, imefungwa kwenye kerea kwa mpira wa tyubu, imesimama wima kwa sababu ikilala tindikali inamwagika na kula suruali. Kila moja ilikuwa na jina kwa rangi nyeupe ubavuni, maana ugomvi mkubwa wa vibanda vya chaji ulikuwa wa kubadilishiwa: umeleta nzito mpya, unarudishiwa nyepesi ya zamani.

Baba alizipanga chini kwenye mbao, hasi ya hii kwenye chanya ya ile, mstari mmoja wa betri kadhaa kwenye chaja moja. Alichaji polepole. Betri ya N70 aliipa ampea sita au saba, usiku kucha. Jirani yake aliyekuwa akichaji kwa haraka kwa bei ya chini alipata wateja wengi zaidi kwa muda, kisha wakarudi kwetu na betri zilizovimba ubavu. Zikikaribia kujaa zinaanza kutokota, na harufu ile ya kukereketa koo ndiyo harufu ya utoto wangu. Kinachotoka ni haidrojeni pamoja na ukungu wa tindikali. Mtu hakuruhusiwa kuwasha sigara wala kibatari, na vifuniko vyote vilikuwa wazi. Nguo zetu za shule zilikuwa na matundu madogo madogo ambayo huyaoni mpaka zifuliwe.

Mimi nilipewa haidromita. Unavuta maji ya seli, unasoma kinachoelea: 1.28 imejaa, 1.15 bado iko chini kabisa. Bi mkubwa mmoja wa Gezaulole, aliyekuwa akitoza watoto wa mtaani kuangalia sinema za Kihindi kwake, hakuondoka bila kuona mwenyewe.

"Fundi, usinipe mbichi."

"Mama, imeiva. Mwulize mjukuu wako huyu."

Nami nainyanyua haidromita juu ya kichwa chake, anatazama kwa jicho moja, anatikisa kichwa kama anayeonja mchuzi. Nadhani hakujua kusoma zile namba. Alikuwa anatazama kama mimi nina wasiwasi.

Kombe la Dunia la 2002 lilichezwa Korea na Japan, na kwa saa zetu mechi ziliangukia asubuhi na mchana. Tarehe 31 Mei, Senegal ilipoifunga Ufaransa bao moja bila, kila betri iliyolala kwetu usiku wa kuamkia siku hiyo ilikuwa imekwishachukuliwa kabla ya saa tatu. Baba akabaki na mbao tupu na hakuwa na pa kuangalia mpira. Alikwenda kuangalia kwa mteja, akalipa kiingilio.

Umeme wa TANESCO ulimaliza biashara hiyo kijiji kwa kijiji, bila tangazo. Leo wa kijiji hiki hawaji, mwezi ujao wa kile. Sola ikamalizia waliobaki.

Sasa risasi. Betri zilizokufa hazikutupwa. Wavuvi wa Feri na wa Kimbiji walizitaka plati kwa ajili ya chubwi za nyavu. Walizipasua kwa shoka, wakamwaga tindikali mchangani, wakayeyusha plati kwenye sufuria kuukuu, wakamimina kwenye vishimo vya mchanga. Watoto tulizunguka moto ule kwa sababu risasi ikiyeyuka inang'aa vizuri kuliko kitu chochote kilichokuwa mtaani kwetu. Mama hakuwa amesoma kemia, lakini alimkataza baba kuingia ndani na nguo za kazi, akamwekea ndoo ya maji uani, na sufuria ya risasi ikikutwa karibu na jiko lake alikuwa anaitupa. Nyumba nyingi hazikuwa na mwanamke wa namna hiyo.

Madhara yake sisi pwani tuliyaona wazi Mombasa. Kwenye mtaa wa Owino Uhuru palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu ili kupata risasi, kikipumua moshi juu ya nyumba za watu na kuachia maji machafu mitaroni. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mwanawe mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Alipigania jambo hilo kwa miaka, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto ndiye anayeumia zaidi, ubongo wake kwanza. Ndiyo maana lile boksi la plastiki lisilofunguka silichukii. Ufundi wa baba ulikuwa mzuri, na ulikuwa unaturudia ndani ya damu.

Tarehe 19 Aprili 2016 Rais Magufuli alifungua daraja la Kurasini, mita 680, akaliita la Nyerere. Kabla yake tulikuwa na pantoni ya MV Magogoni, iliyobeba magari sitini kwa safari, na kabla ya hapo tulikuwa na MV Alina na maombi. Daraja lilifanya mambo mawili kwa betri. Kwanza, gari la Kibada sasa linakimbia safari ndefu bila kuzima, na alteneta inapata nafasi ya kushibisha. Vijana waliokuwa wanaishi kwa kushtua magari na kukodisha waya za kubusti pale Feri wakapungua. Wengi ni bodaboda sasa. Pili, watu wakahamia. Viwanja vikawa nyumba, Kigamboni ikawa wilaya mbali na Temeke, na kila nyumba ikaja na IST, Noah au Forester iliyoshuka bandarini hapo ng'ambo.

Magari haya yalinilazimisha kujifunza upya. Betri ya Kijapani ina majina ubavuni, na wateja wengi hawayasomi. 55D23L: 55 ni nguvu yake, D ni kundi la upana na kimo, 23 ni urefu kwa sentimita, na L ni upande ambao vichwa vimekaa. Ukichukua R mahali pa L, waya haufiki. Watu wameshawahi kuuvuta kwa nguvu hadi ukafika, kisha ukakatika Kongowe. Aqua betri yake ndogo iko chini ya kiti cha nyuma, inataka yenye mrija wa kutolea hewa, kwa sababu gesi ile niliyoivuta utotoni haitakiwi mahali mtoto wako amekaa.

Kisa ninachokiona sana ni cha redio. Kijana anakuja:

"Shikamoo mama. Jana nimebadilisha betri kwa fundi, leo redio imegoma. Imeandika Kijapani, inataka kadi."

"Marahaba baba. Kadi ya ramani ilikuja na gari?"

"Sikuiona."

Ndiyo basi. Redio za Toyota za Japan, umeme ukikatika hata dakika moja, nyingi zinadai kadi ya ramani au namba ya siri. Kwa hiyo kabla sijafungua hasi, ambayo siku zote ni ya kwanza kutoka na ya mwisho kurudi, ninaunga betri ndogo pembeni ili kumbukumbu isipotee. Vioo vya kujipandisha vyenyewe, sailensa ya injini, hata saa, vyote vinategemea hiyo. Mazda CX-5 inayojizima kwenye taa inataka betri yake maalumu, Q-85 kwa ile ya petroli, na ukiiwekea ya kawaida kwa sababu ni rahisi, itakufa kama zilivyokuwa zikifa za foleni ya pantoni, kwa sababu ileile: kuwasha na kuzima. BMW inataka hata uiambie kompyuta kwamba betri ni mpya, la sivyo inaendelea kuichaji kama mgonjwa mzee.

Adui mkubwa wa Kigamboni hajabadilika. Ni chumvi na joto. Nyumba za karibu na bahari, vichwa vya betri vinaota unga mweupe wa kijani ndani ya miezi, na gari linakataa kuwaka wakati betri ni nzima. Maji ya moto yenye magadi, brashi, kausha, paka grisi. Joto ndilo linalomaliza plati taratibu. Hesabu ya mafundi ni kwamba kila nyuzi kumi zikiongezeka, umri unakatika karibu nusu. Betri ya maji, maji yake yasishuke chini ya vichwa vya plati, na inaongezwa maji ya betri tu, si ya kisima wala tindikali. Ninapima kwa mita asubuhi kabla gari halijawashwa: 12.6 ni nzima, 12.2 ni nusu. Ikipiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka nataka kuona kama 14. Wenye nyumba za wikiendi ndio wateja wangu wakubwa, kwa sababu gari linakaa na alamu na kifuatiliaji vikinyonya mchana na usiku.

Chakavu nanunua kwa kilo, nzima nzima na maji yake, na nampa mnunuzi mwenye kibali cha NEMC, baraza la mazingira. Wavuvi wa zamani wanapita kuniomba plati, nawakatalia, wananiona nimeharibikiwa na mji. Lakini wavuvi haohao wamerudi kwa mlango mwingine. Karabai wameziacha, dagaa wanawavuta kwa taa za LED, na taa zinataka betri. Nawaambia wachukue ile ya sola, inayovumilia kunyonywa hadi chini kila usiku, kwani ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ichajiwe. Wanatazama bei. Wanachukua N50 ya gari, na msimu ukiisha wanairudisha imekufa, wakiuliza kama waranti inahesabu na baharini.